Saa ya Mishale ya Shilingi 18,000 na Kazi ya Kuhesabu Mapigo ya Moyo

Saa ninayoiandikia tathmini hii haina jina la kujivunia. Usoni pake kuna nembo ya kampuni kubwa ambayo, kwa bei niliyolipa, sina shaka kwamba haikuitengeneza, hivyo sitaitaja. Ni saa ya mkononi ya betri, yenye mishale mitatu, namba zote kumi na mbili, vistari vya dakika pembeni, na mkanda wa ngozi ya bandia. Niliinunua mwezi wa Mei kwa fundi saa mwenye meza ya kioo kando ya barabara hapa jijini Mbeya, kwa shilingi 18,000 pamoja na betri mpya. Nimeitumia kwa miezi minne kwa kazi moja tu, nayo ni kuhesabu mapigo ya moyo: ya mama yangu kila asubuhi, na yangu mwenyewe ninapopanda mlima. Anayetafuta saa ya kuvaa harusini asinitegemee.

Mama ana miaka 71, na tangu mwaka jana anatumia vidonge vya moyo ambavyo, pamoja na kazi yake nyingine, hupunguza kasi ya mapigo. Nesi wa kliniki alimwagiza ahesabiwe mapigo kila asubuhi kabla ya kumeza, na daktari akaandika kwenye kadi yake kiwango ambacho mapigo yakishuka chini yake kidonge kinasubiri mpaka tuwasiliane nao. Kiwango hicho ni cha mama peke yake, ndiyo maana sikiandiki hapa. Mwenye dawa za namna hiyo amwombe daktari wake amwandikie cha kwake. Nesi alionyesha kwa vidole vyake mwenyewe namna ya kuhesabu, mara moja, haraka haraka, huku foleni ikiwa imefika mlangoni. Mimi niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, kisha nikatoka kwenda kununua saa janja.

Ni lazima niizungumzie kidogo hiyo saa janja, kwa kuwa bila yake nisingeijua thamani ya hii ya mishale. Niliinunua shilingi 65,000 katika duka la vifaa vya umeme, na muuzaji aliniambia kwamba inapima mapigo, presha, usingizi na hata msongo wa mawazo. Chini ya tumbo lake kuna vitaa vya kijani. Mwanga wa kijani hufyonzwa sana na damu, kwa hiyo kila moyo unapopiga na damu kujaa kwenye mishipa midogo ya ngozi, mwanga unaorudi hupungua kidogo, na saa hukadiria kasi ya moyo kutokana na kupungua na kuongezeka huko. Njia hii si ya kitapeli. Mtu akiwa ameketi, mkono umetulia, chumba kina joto na mkanda umekaza sawasawa, saa ile ilitofautiana na vidole vyangu kwa mapigo mawili au matatu tu, na hilo ninalikiri bila kinyongo.

Tatizo ni kwamba asubuhi za Mbeya hazina joto. Mwezi wa Juni na wa Julai usiku hushuka chini ya nyuzi joto 10, na mama huamka saa kumi na moja na nusu, kabla hata jiko halijawashwa. Ngozi ikipata baridi, mishipa yake midogo hujikunyata ili mwili usipoteze joto, na damu inayopita chini ya vile vitaa hupungua. Saa ikawa inaonyesha vistari viwili vitupu, au inatoa namba baada ya kufikiri kwa muda mrefu. Nikitembea nayo, ilichanganya hatua zangu na mapigo, kosa linalofahamika kwa saa za aina hiyo, kwa kuwa mtikisiko wa mkono nao hubadilisha mwanga unaorudi. Jambo lililonikatisha tamaa kabisa lilitokea asubuhi moja ambapo, ndani ya dakika tano, mama akiwa amekaa palepale kwenye kigoda chake, ilimwandikia 54, kisha 97, kisha 61. Aliniuliza, "Sasa mwanangu, nimeze au nisimeze?" Sikuwa na jibu. Nilipoirudisha dukani niliambiwa kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi, na kwamba huenda tatizo ni mkono wa mama.

Kwa fundi saa nilikwenda nikiwa na hasira bado. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, betri?" Nilipomweleza kwamba ninataka saa ya kuhesabia mapigo ya moyo ya mgonjwa, aliziondoa mezani saa zote zenye mng'aro na namba za Kirumi, akabakiza nne, akasema, "Basi usitazame jina, tazama mshale mwembamba." Alizipanga zote nne mbele yangu na kuniacha niziangalie dakika nzima nzima. Moja mshale wake wa sekunde ulikuwa wa rangi ya fedha juu ya uso wa fedha, hauonekani isipokuwa ukiinamisha kichwa. Nyingine ilikuwa na vistari kila baada ya sekunde tano tu. Niliyoichagua ina uso mweupe na mshale mwekundu, na kwa kazi hii sidhani kama kuna sifa inayozidi hiyo.

Nilimuuliza kama haipotezi majira. Akacheka akasema kwamba saa ya bei hiyo lazima ipoteze. Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu na kuona kwamba haijalishi hata kidogo. Saa mbovu kabisa, inayochelewa dakika tatu kwa siku nzima, katika sekunde 60 za kuhesabu inakosea kwa takribani sehemu ya nane ya sekunde, yaani hata pigo moja halitimii. Hii yangu huchelewa kama nusu dakika kwa wiki. Nisingeitumia kuwahi treni ya TAZARA, lakini kwa moyo wa mtu ni sahihi kuliko mhesabuji mwenyewe.

Na mhesabuji ndiye aliyenipa shida. Wiki ya kwanza nilikuwa ninalaumu saa kwa makosa ya vidole vyangu. Mshipa unaotafutwa upo upande wa kidole gumba, chini kidogo ya mkunjo wa kifundo cha mkono, katika kijibonde kilicho kati ya mfupa na kano. Kiganja kikiangalia juu na mkono ukiwa umelala juu ya meza au paja, ncha za kidole cha shahada na cha kati zikiwekwa hapo kwa wepesi, utauhisi ukidunda. Mimi nilikuwa ninatumia kidole gumba, kwa kuwa ndicho chenye nguvu, bila kujua kwamba kidole gumba kina mshipa wake wenye mdundo wa kutosha kumdanganya mtu. Asubuhi mbili tatu huenda nilikuwa ninahesabu moyo wangu na kuuandika kwenye daftari la mama. Kisha nikawa ninabonyeza mno. Ukibonyeza sana unauziba mshipa, mdundo unapotea, na wewe unazidi kubonyeza ukiutafuta. Mama ndiye aliyenirekebisha kwa kusema nishike kama ninavyopima ulaini wa parachichi sokoni, na tangu siku hiyo sijaukosa.

Kuhusu mahali pa kuivaa, saa hii ilinifundisha jambo ambalo wauguzi wanalijua siku zote. Ukiivaa mkono wa kushoto kama kawaida na ukataka kujihesabu kwenye mkono huohuo, mkanda umefunika mahali pale pale unapopahitaji. Ihamishie mkono wa kulia, kisha vidole vya mkono wa kulia viwekwe kwenye kifundo cha kushoto. Uso wa saa utakutazama wenyewe bila kupinda shingo. Kwa kumhesabia mtu mwingine, mkono wa kushoto unafaa, au uivue na kuiegemeza kwenye kikombe. Simu yenye saa ya kuhesabia muda inaweza kufanya kazi hiyo pia, ila kioo chake huzimika katikati ya hesabu, ujumbe huingia, na mara nyingi mkono mmoja hutumika kuishika.

Sasa nifikie dosari ambayo sikuitarajia. Saa hii inalia. Kila sekunde mshale unaruka kwa mlio mdogo mkavu, na chumbani alfajiri, kukiwa kimya, mlio huo unasikika vizuri kabisa. Mama mapigo yake mara nyingi huwa karibu na 60 kwa dakika, yaani karibu pigo moja kwa kila sekunde, na nimegundua kwamba akili ya mtu hupenda kufuata sikio kuliko kidole. Baada ya sekunde kumi hivi unakuta unahesabu mlio wa saa, na bila shaka kila asubuhi jibu linakuwa 60 barabara. Nilifurahia hizo 60 kwa siku nne nzima kabla sijashtuka. Tangu hapo ninaiweka saa juu ya kitenge kilichokunjwa, mbali kidogo, mahali ninapouona mshale bila kuusikia. Zipo saa ambazo mshale wake hutelezea bila kuruka, lakini pale mezani hazikuwepo za bei yangu, na kwa kweli mshale unaoruka una faida yake: unajua wazi sekunde imeanzia wapi.

Swali la kuhesabu kwa sekunde ngapi limeleta ubishi nyumbani kwetu. Kaka yangu anahesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, na kwa mtu mwenye mapigo yanayokwenda kwa mpangilio njia hiyo inakubalika. Hata hivyo kila pigo moja unalolikosa katika sekunde 15 linakuwa manne kwenye jibu, na katika sekunde 10 linakuwa sita. Ukihesabu sekunde 30 kosa hilo linabaki mawili. Kosa linaloonekana dogo na linalofanywa na karibu kila mtu ni kuanza na "moja" wakati pigo la kwanza ndilo lililoanzisha hesabu. Ukiwa umeanza muda wako juu ya pigo, pigo hilo ni sifuri, kwa kuwa unachopima ni nafasi kati ya pigo na pigo. Mimi husubiri mshale mwekundu ufike kwenye 12, na pigo la kwanza linalofuata ndilo ninaloliita moja. Kwa mama sihesabu pungufu ya sekunde 60, kwa sababu mapigo yake hayapangiki: yanakuja matatu ya haraka, kisha kimya, kisha moja zito. Ukikata robo dakika kutoka katika moyo kama huo unaweza kuangukia kwenye kimya au kwenye haraka, na kuzidisha kwa nne ni kuzidisha bahati. Nadhani hapo ndipo saa janja iliposhindwa, kwa kuwa nayo huchukua kipande kifupi na kukisia kilichobaki.

Vidole vina jambo ambalo namba haina. Daftari letu lina safu mbili, moja ya hesabu na nyingine ya maneno, ambapo ninaandika "yanakwenda sawa", "yanaruka", au "dhaifu". Tulipolipeleka kliniki, daktari alipita haraka juu ya namba, akasimama kwenye maneno, kisha akaagiza mama apimwe umeme wa moyo siku hiyohiyo. Saa janja, ambayo ilikuwa na hifadhi ya siku sitini, isingemwonyesha chochote isipokuwa mstari unaopanda na kushuka kama njia ya Chunya.

Matumizi yangu binafsi ni mepesi zaidi. Nina miaka 43, na Jumamosi hupanda kuelekea Loleza, mlima unaolitazama jiji kutoka juu. Jiji lenyewe liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, na hewa huku ina mgandamizo mdogo kuliko pwani, kwa hiyo moyo wa mgeni hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kusambaza oksijeni ileile. Shemeji yangu alipokuja kutoka Dar es Salaam tulimhesabu akiwa amepumzika: siku ya kwanza 88, siku ya tano 76, ingawa uchovu wa basi nao ulichangia. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100, na wakimbiaji waliozoea mazoezi huweza kuwa chini ya 60 bila ugonjwa wowote. Mtoto mchanga hupita 100 na hakuna wa kushtuka. Kwa mazoezi, kanuni inayotumika sana ni kutoa umri kutoka 220, ambayo kwangu inaleta 177, na zoezi zito huhesabiwa kuwa asilimia 70 hadi 85 ya hapo, yaani takribani 124 hadi 150. Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo kumi na zaidi, na mimi huichukulia kama kibao cha barabarani kilichopigwa na jua.

Mlimani, sekunde 60 hazifai. Ukisimama tu moyo huanza kushuka, na ukihesabu dakika nzima unapata wastani wa kupanda na kupumzika. Mimi husimama, huupata mshipa mara moja, na kuhesabu sekunde 15 za mwanzo. Jumamosi iliyopita nilipata 37, yaani 148, wakati saa janja niliyoivaa mkono wa pili kwa ajili ya tathmini hii ilisema 112, na baada ya dakika moja ikaruka hadi 171 nikiwa nimekaa juu ya jiwe. Ukiwa unahema sana mshipa wa shingoni ni rahisi kuupata kuliko wa mkono, kando ya koromeo, lakini ushikwe upande mmoja tu na kwa wepesi. Pale shingoni pana sehemu inayopima mgandamizo wa damu, na ikibonyezwa inaweza kuupunguza moyo kasi ghafla hadi mtu apate kizunguzungu. Kwa wazee kama mama hatugusi shingo kabisa.

Inafurahisha kujua kwamba mshale wa sekunde na kazi hii vina undugu wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 17 daktari wa Italia, Santorio Santorio, alilinganisha mapigo na kitu kizito kinachobembea kwenye uzi, akirefusha na kufupisha uzi mpaka viende pamoja. Mwaka 1707 daktari wa Uingereza, John Floyer, alieleza matumizi ya saa aliyotengenezewa mahususi kwa ajili ya mapigo, iliyotembea kwa dakika moja kisha ikasimama. Kifaa nilichonunua barabarani kwa bei ya kuku wawili kingemfurahisha sana mtu huyo.

Dosari nyingine za saa nitazitaja kwa haraka. Mshale wa sekunde haupigi juu ya vistari, unapiga katikati yake, na kwa kuwa unapiga hivyo siku zote haudhuru. Mkanda ulinuka gundi kwa wiki mbili na umeanza kupasuka kwenye tundu la tatu. Kioo kilipata ukungu kwa ndani tulipokwenda msibani Tukuyu na kunyeshewa siku mbili mfululizo, lakini Tukuyu ni Tukuyu, na ukungu ulikauka nilipoiacha karibu na jiko. Kasoro ninayoihesabu kuwa kubwa ni moja: mishale haing'ai gizani. Umeme ukikatika alfajiri ni lazima mtu mwingine ashike tochi, au kidonge kisubiri kukuche. Kwa sababu hiyo ninaipa nyota nne kati ya tano.

Anayetaka kununua ya namna hii aende mchana, aiangalie kwenye kivuli na si kwenye jua, kwa sababu nyumbani ataitumia kwenye kivuli. Aitazame dakika nzima bila kuzungumza na fundi, ahakikishe mshale haukwami unapopanda kutoka 6 kwenda 12, kwa kuwa betri inayochoka huanza kukwama hapo. Betri yenyewe fundi wangu huiweka kwa shilingi 3,000. Na kabla ya kuhesabu kwa mara ya kwanza, mtu apumzike angalau dakika tano, asiwe ametoka kunywa kahawa wala kupanda ngazi, na vidole avipashe moto kwanza. Mimi huvishika kwenye kikombe cha chai ya mama mpaka viache kufa ganzi, naye hulalamika kwamba ninaipoza.

Nilirudi kwa fundi wiki iliyopita kuulizia yenye mishale inayong'aa. Anayo moja, ila uso wake ni mweusi na mshale wa sekunde ni wa kijivu, na yeye mwenyewe alinikataza kuinunua.